Kusoma kwa sauti au kimyakimya: kipi kinakaa kichwani kabla ya mtihani wa Novemba?

BabaPasua (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa walimu waliomo humu. Nyumbani kuna watahiniwa wawili wa Novemba, mmoja kidato cha nne, mwingine cha pili. Meza moja, taa moja. Mkubwa anasoma notisi kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, anadai bila sauti haviingii. Mdogo anataka kimya. Je, sauti inasaidia kweli au ni kelele tu? Masomo yanayosumbua ni Historia, Bayolojia, Hisabati na Kiswahili, hasa ushairi.

Mwl_Njiro (Arusha)
Inasaidia mkuu, ila si kwa namna anayoitumia mkubwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walieleza jambo hili kwa majaribio mengi mwaka 2010: neno ulilolitamka hukumbukwa kuliko ulilolipitia kwa macho. Mdomo umelifanyia kazi na sikio limelisikia, kwa hiyo linajitenga na mengine. Sasa ukitamka kila kitu, kipi kitajitenga na kipi? Katika majaribio hayo faida ilikuwa kubwa pale ambapo baadhi ya maneno yalitamkwa na mengine yakasomwa kimya ndani ya orodha moja. Orodha nzima ikisomwa kwa sauti, faida hushuka sana.

Kwa hiyo achague. Ukurasa wa kauntabuku ausome kwanza kimya mpaka aelewe, kisha apige mstari chini ya sentensi tatu au nne zisizozidi: maana ya dhana, miaka, majina, mpangilio wa hatua. Hizo ndizo za kutamka, mara moja au mbili, taratibu. Tuseme yuko kwenye Historia ya Tanzania baada ya uhuru. Azimio la Arusha 1967, Siasa ni Kilimo kule Iringa 1972, Azimio la Musoma 1974. Haya huchanganywa kwa sababu yote ni matamko ya TANU na yanafuatana. Ayatamke kwa utaratibu uleule kila mara: mwaka, mahali, lilihusu nini. Maelezo marefu ya sababu na matokeo abaki nayo kimya, maana hayo yanahitaji kufikiriwa, na mdomo unaokimbia haumwachii mtu nafasi ya kufikiri.

Muda wenyewe haupotei sana. Kwa Kiingereza, msomaji mzima aliyezaliwa na lugha hiyo husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika kimya, na 183 kwa sauti. Notisi za maneno 3,000 ni dakika 13 dhidi ya 16 hivi. Kijana aliyekutana na Kiingereza darasani atakuwa chini ya hapo kwa njia zote mbili. Kinachoisha mapema ni koo na umakini.

Bayo_Kiborloni
Nakubaliana na mwalimu, lakini kuna jambo hajalikazia. Kutamka huku daftari liko wazi ni nusu ya kazi. Mtoto akisoma aya kwa sauti mara nne, inateleza mdomoni, naye anaamini ameishika. Kumbe amezoea sura yake tu. Watafiti Roediger na Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki moja walishindwa na wale waliofunga maandishi na kujaribu kuyakumbuka. Mtihani hauji baada ya dakika tano.

Sauti itumike daftari likiwa limefungwa. Njia ya damu kwenye moyo, kwa mfano: vena kava, atriamu ya kulia, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena ya mapafu, atriamu ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota. Aitaje bila kuangalia. Anapokwama asifungue haraka, ahesabu hadi kumi kwanza, halafu afungue na kuweka alama ya penseli palepale. Wengi hukwama kwenye ateri ya mapafu, kwa sababu walikariri kwamba kila ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Hii haibebi. Kusoma tu kwa sauti kusingeibua kosa hilo, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho.

Akimaliza kusema, aandike. Mtihani wa Bayolojia ni wa Kiingereza na maneno yake mengi hayasomeki yanavyoandikwa. Kuna anayeyataja vizuri kabisa na tahajia ikamwangusha. Arudie kesho yake, kisha siku ya nne, kisha wiki ijayo, akianzia penye alama za penseli.

BabaPasua
Nimewaelewa, asanteni sana walimu. Na hawa wawili wa meza moja nifanyeje?

Dada_Sakina
Kaka, mdogo hadeki. Maneno yanayosikika huvuruga kazi ya kushika vitu kwa mpangilio hata kama mtu hayasikilizi, kwa sababu kichwa hushikilia mpangilio huo kwa sauti ya ndani, na sauti ya nje inaingilia. Mvumo wa feni hausumbui kiasi hicho. Maneno ya mtu ndiyo yanayoharibu.

Gawa jioni. Dakika 40 za mwanzo wote kimya: kusoma, kupiga mistari, kufanya pasti pepa. Kisha dakika 15 za sauti, mkubwa atoke barazani au jikoni na karatasi yake ya maswali, asitoke na daftari. Kama hakuna pa kwenda, achezeshe midomo bila kutoa sauti. Hilo nalo hushinda kusoma kwa macho peke yake, ingawa faida yake ni ndogo kuliko ya sauti kamili. Kunong'ona kwa nguvu saa nzima simshauri, koo litakauka. Aongee kwa sauti ya chini ya kawaida, na maji yawe karibu.

Simu nayo inafaa. Ajirekodi dakika tano: swali, kimya cha sekunde tano, jibu. Asikilize akiosha vyombo na ajibu kabla ya jibu kusikika. Jaribio jingine la Waterloo la 2018 lilipanga hivi: kutamka mwenyewe ndiko kulikokumbukwa zaidi, kisha kusikia rekodi yako, kisha kumsikia mtu mwingine, mwisho kusoma kimya. Kwa hiyo rekodi ya rafiki wa tuisheni si mbaya, ila yake ni bora.

Vuli ikinyesha juu ya bati hakuna atakayesikika. Hizo ni saa za kuandika. Na Jumamosi mmoja anaweza kwenda maktaba ya mkoa pale Moshi mjini akasome kimya.

Mwl_Njiro
Nimalizie Hisabati na ushairi. Hisabati kwa sauti ni kupoteza muda, isipokuwa kwa jambo moja: akishakokotoa, aeleze kwa mdomo kwa nini kila mstari umefuata. "Nimegawa pande zote kwa tatu kwa sababu..." Akishindwa kumalizia "kwa sababu", hapo ndipo pa kurudia maswali matano ya aina hiyo.

Ushairi ni kinyume chake, usisomwe kimya kabisa. Mizani ni silabi zinazotamkwa, na jicho huhesabu vibaya. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Mbuzi" nayo ni mbili, mbu-zi, maana m hapo haisimami peke yake. "Mwalimu" ni tatu. Asome mshororo akigonga kidole mezani kila silabi. Katika bahari (aina ya shairi) iliyozoeleka ni nane upande wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane upande wa utao, nusu ya pili. Ikitoka saba au tisa, agonge tena taratibu kabla ya kuandika kwamba mshairi amevunja urari. Hapo wawili hao wanaweza kukaa meza moja bila ugomvi: mkubwa asome, mdogo agonge, kisha wabadilishane.