Acheni kuwaletea wazazi wa Kigoma takataka mkaita msaada, halafu mnawapiga picha!

Wakuu habarini. Mods naombeni msiuhamishe huu uzi, nimekasirika na naongea kwa niaba ya watu ambao hata bando la kuingia humu kujitetea hawana.

Huku Ujiji tuna kikundi chetu cha mtaani, tunakusanya vitu kwa ajili ya wazazi wasio na kitu, wale unamkuta katoka leba mtoto kamviringisha kwenye kipande cha kitenge alichokuja nacho, basi. Wengine wanaletwa mjini kwa boti kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kalya huko, Sunuka, au Kagunga kule mpakani na Burundi, anafika hana ndugu na hela yote imeishia kwenye nauli. Maisha ya mwambao mnayajua ni ziwa, mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane sababu watu waliielewa, ila mimba haingoji ziwa lifunguliwe, wanawake walijifungua na mume hana hata dagaa wa kuuza.

Sasa tukitangaza tunapokea nguo za vichanga mnatuletea nini? Juzi tumefungua viroba, nguo zina ukungu, nepi zimekuwa za kahawia, shali limetafunwa na panya, soksi mojamoja. Mwingine kaleta kopo la maziwa limeshafunguliwa limebaki nusu! Mtu mzima na akili zako unataka mtoto wa siku tatu anywe kitu kilichokaa kabatini kwako hujui tangu lini?

Na hata lingekuwa jipya tusingelichukua, hili naomba lieleweke maana kila mwezi tunagombana nalo. Miezi sita ya kwanza mtoto ni ziwa la mama tu, hata maji hapewi. Nyumba ambayo mkaa wa kuchemshia maji ni wa kuhesabu ukipeleka chupa na kopo moja umepeleka kuharisha, halafu kopo linaisha, mama maziwa yameshapungua kwa sababu mtoto hakuwa ananyonya, na hela ya kopo la pili haipo. Tangu 1981 kuna kanuni za kimataifa za kuzuia haya mambo ya kugawa gawa maziwa ya kopo, na hapa Tanzania zetu tunazo. Kama unamhurumia mtoto mlishe mama yake, maharage, dagaa, mawese, unga wa uji, atanyonyesha.

Matoi nayo. Kichanga hana shida na toi jamani, ila kaka yake wa miaka miwili mitatu anafurahi kweli akipata chake siku mdogo wake amekuja nyumbani, kwa hiyo leteni, hatukatai. Ila sio gari limevunjika tairi linachomoka, mdoli jicho linaning'inia, mtoto anameza anapaliwa. Na yale ya kulia muziki yenye betri ndogo za duara kama kifungo, mfuniko wake hauna skrubu, hayo siyagawi kwa mtu yeyote, ile betri ikikwama kooni inaunguza ndani ya saa mbili tu.

Wanachoomba wazazi wenyewe ni beseni, sabuni ya mche, pedi, kanga mbili, chandarua chenye dawa, kofia na soksi za mtoto. Mama wa njiti anaomba kanga nzito ya kumfungia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, maana joto la mama ndio linamshikilia yule mtoto. Hakuna cha ajabu hapo, vyote vipo soko la Mwanga na vipo Kibirizi, na ukiwa na vya mtumba vya mwanao vizima, vifue, vianike, viletwe vikavu, tutashukuru sana.

Kilichonitoa machozi ni kamera. Kuna watu wamekuja na tisheti zao zinafanana, wamegawa pampas pakti moja moja, wakamwambia binti ambaye mshono wa oparesheni bado mbichi ainuke akae vizuri, ashike pakti, acheke. Kanga imemtelemka bega, mtoto uso wazi, wamerusha mtandaoni na jina la kijiji chake wameandika. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, dada yako ungemfanyia hivyo? Kuna watu kwenye komenti wanamuuliza kwanini alizaa kama hana uwezo, na mumewe ameziona.

Mliorusha mnajijua na humu mpo. Futeni ile picha leo, halafu mpelekeeni mtu mmoja tu, mwanamke, bila simu mkononi, akamuombe msamaha.