Padri aliyesaini kuwa mtoa habari wa polisi wa siri: aanikwe au aachwe?

Wakuu, kuna hii ishu ya mapadri wa Poland enzi za ukomunisti, tumebishana kijiweni tangu jumapili baada ya misa na hatujafika popote, nikaona niilete hapa.

Kule kuanzia 1963 kila padri alikuwa na faili kwa SB, polisi wa siri, tena linafunguliwa kijana akiingia tu seminari. Humo wanaandika ndugu zake, hela zake, kama anapiga mtungi, kama ana mwanamke, maana ndo ya kumbana nayo baadaye. Ukitaka pasipoti ukasome Ujerumani Magharibi unaitwa kwanza "tuongee kidogo". Padri mmoja, Stanisław Wielgus, alikubali kuwapa habari. Desemba 2006 akateuliwa askofu mkuu wa Warsaw, magazeti yakaibua mafaili, akakana, baadae akakiri, na 7 Januari 2007, siku ya kusimikwa, kanisa limeshajaa, akatangaza kujiuzulu. Kuna waliopiga kelele abaki!

Mimi kusaini hakunikeri sana, sijui ningefanya nini mimi mwenyewe. Kinachonikera ni kukana.

---

Mkuu nakupinga. Faili kaandika nani? Si kachero anayetafuta cheo, akinywa chai na padri anaandika "nimempata". Halafu 1989, ukomunisti unaanguka, SB walichoma makaratasi kibao, kwa hiyo anayeaibika leo ni yule ambaye lake halikuungua, vigogo wenyewe wamepeta. Hata Kardinali Glemp, aliyemtangulia Wielgus pale Warsaw, siku ileile ya kujiuzulu alimtetea mimbarani, kwamba mtu anahukumiwa kwa vikaratasi vya fotokopi.

---

Hapo kwenye kuchoma nakupa, ni kweli. Ila mkuu usisahau padri Popiełuszko. Jamaa alikuwa anaendesha misa za kuombea nchi pale Żoliborz, mtaa wa Warsaw, watu wanajaa mpaka barabarani. Desemba 1983 SB wakamwekea risasi na vilipuzi kwenye nyumba yake halafu wakaja "kupekua", yaani wanajua kabisa wachungulie wapi. 19 Oktoba 1984 anarudi kutoka mji wa Bydgoszcz wakamteka, dereva wake akaruka kwenye gari ikiwa kwenye mwendo akapona, yeye wakamuokota siku 11 baadae kwenye mto Vistula kafungwa mawe. Na kati ya waliokuwa wanapeleka habari zake walikuwemo mapadri wenzie, wanaokula naye meza moja. Hao nao tuseme chai tu?

---

Kaka zangu mnasahau mtu mmoja, padri Isakowicz-Zaleski wa Kraków. 1985 alipigwa na SB mara mbili, miaka ikapita akasoma faili lake akakuta mapadri wenzake humo. 2006 Kardinali Dziwisz, askofu wake, akamwambia anyamaze, lakini 2007 kitabu kikatoka. Sasa nyie mnaosema yaishe kimya kimya, hicho kimya kinamsaidia aliyepigwa au aliyemchongea? Na kabla hajachapa aliwaandikia barua aliowataja, kila mtu aeleze upande wake.

---

Hilo la barua sikuwa nalo dada. Basi nabadilisha kidogo: aulizwe kwanza, apewe muda, akikausha ndo atajwe. Ila yule wa pasipoti asiwekwe kapu moja na yule wa Popiełuszko, hapo hamnitoi.