Rosti ya Tom Brady: zomeazomea ya Kim Kardashian ilienda wapi, na vicheko vya meza kuu ni vya kweli?

KisuButu

Wakuu, wanaofuatilia vichekesho vya jukwaani naomba mnifafanulie. Rosti, yaani onyesho la kumchoma mtu mmoja (mlengwa) kwa mizaha naye amekaa pale pale, ya Tom Brady, nyota wa zamani wa kandanda ya Marekani, ilirushwa na Netflix 5 Mei 2024 kutoka Kia Forum, Inglewood, California, mshereheshaji akiwa Kevin Hart. Waliotazama moja kwa moja wanasema Kim Kardashian alizomewa hadi ikabidi asubiri. Ukifungua onyesho lile lile leo, zomeazomea yenyewe ni kama haikuwepo. Ilikwenda wapi?

Halafu kuna hili la nyuso. Kila baada ya mzaha kamera inakimbilia mtu anayecheka hadi machozi. Nitajuaje kwamba alikuwa anacheka mzaha huo na si mwingine? Na la mwisho: mbona Nikki Glaser alisifiwa kila kona, na Ben Affleck, mwigizaji wa miaka yote hiyo, akaanguka vile?

---

MtegoNaPanchi

La zomeazomea ni jepesi. Usiku ule lilikuwa onyesho la moja kwa moja, kama saa tatu, na kilichosikika ukumbini ndicho kilichokufikia. Baadaye nakala iliyobaki kwenye Netflix ikahaririwa na sauti ya kuzomea ikashushwa. Hakuna aliyekudanganya, mlitazama nakala mbili tofauti za onyesho moja.

Wengi tumezoea rosti za kituo cha televisheni cha Comedy Central, na hizo hazikuwa za moja kwa moja. Ya Donald Trump ilirekodiwa 9 Machi 2011, ikaonyeshwa tarehe 15. Ya Justin Bieber ilirekodiwa 14 Machi 2015, ikaonyeshwa tarehe 30 mwezi huo. Ndani ya siku hizo mhariri ana mkasi mkononi: mzaha uliokufa unaondoka, kimya kinafupishwa, aliyezidisha anakatwa. Kwenye ya Bieber kulikuwa na mizaha kuhusu mwigizaji marehemu Paul Walker, na yote ikakatwa kabla ya kuonyeshwa. Kwa hiyo anayesema "rosti za zamani zilikuwa kali na hazikuwa na vipengele vibovu" ameona mchele uliokwisha kupepetwa.

Ya Brady ilikuja na pumba zake. Ndiyo maana watu waliona inayumba: dakika kumi za moto, kisha mtu anasoma maandishi kama tangazo la msiba, kisha moto tena.

---

FundiSauti

Niongeze upande wa mitambo, kwa sababu hapo ndipo watu wanadanganyika.

Ukumbi wa rosti huwa na makundi matatu ya maikrofoni: ya mzungumzaji, za watu wa meza kuu, na zilizoning'inizwa kuelekea hadhira. Kila kundi lina njia yake kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Kwa hiyo kushusha zomeazomea hakuhitaji uchawi. Unashusha njia ya hadhira kwa sekunde zile, unaacha ya mzungumzaji. Kinachobaki ni mwangwi uliopenya kwenye maikrofoni yake mwenyewe, na huo huwezi kuufuta wote. Dalili nyingine ni mdomo na mwili: mzungumzaji anasimama, anatazama huku na huku, anaanza sentensi na kuiacha, lakini wewe husikii kilichomsimamisha. Mtu hangoji kimya. Ukiona mtu anangoja na husikii kitu, ujue kuna kilichoondolewa.

Kuhusu nyuso: kwenye matangazo ya moja kwa moja mwongozaji ana kamera kadhaa zilizotegwa kwenye meza kuu, na anachagua papo hapo. Uso utakaouona unachelewa sekunde moja au mbili baada ya panchi (neno la kuchekesha linalofunga mzaha), na mara nyingine kamera inafika mtu ameshamaliza kucheka. Huo uchelewaji ndio alama ya ukweli. Kwenye onyesho la kurekodi uso unafika kwa wakati, safi, kila mara. Usafi huo ukutie shaka.

Angalia vitu vidogo. Glasi ya mlengwa imebaki robo, kisha kwenye picha ya kicheko imejaa, kisha robo tena. Mkono uliokuwa kidevuni sekunde iliyopita sasa uko mezani. Jirani yake aliyesimama kwenda kuzungumza anaonekana ameketi pembeni anapiga makofi. Hapo umeona uso uliochukuliwa dakika nyingine na kubandikwa.

Wala si mambo ya leo. Zile rosti za mwimbaji Dean Martin kwenye televisheni ya NBC, 1974 hadi 1984, zilishonwa hivyo hivyo: baadhi ya wageni walirekodiwa peke yao siku nyingine, na vicheko vya wenzao vikaunganishwa baadaye. Ukitazama mbili tatu kwa makini unamkuta mtu anamcheka ambaye hawajaketi naye chumba kimoja.

---

BiChachandu

Mimi nijibu la Glaser na Affleck, maana hapo ndipo pana ufundi wenyewe.

Mzaha wa rosti una vipande viwili: mtego na panchi. Mtego lazima uwe jambo ambalo ukumbi mzima unalijua na haulibishii. Panchi lazima iwe neno la mwisho, au karibu sana na mwisho. Chukua mfano huu niliotunga mwenyewe. Brady alitangaza kustaafu 1 Februari 2022, akatangaza kurudi 13 Machi, siku 40 baadaye.

"Tom alistaafu kwa siku 40. Hiyo si kustaafu. Hiyo ni Kwaresima."

Neno linalochekesha ni Kwaresima, na halifuatwi na kitu. Sasa uharibu: "Hiyo ni Kwaresima, si kustaafu kwa kweli, jamani." Watu walitaka kucheka kwenye "Kwaresima" lakini bado unaongea, kwa hiyo wanajizuia wakusikie, na ukimaliza pumzi imeshawatoka. Maneno matano ya ziada yameua mzaha. Uharibu tena kwa njia nyingine: anza na "Unajua Tom ni kama Kwaresima..." Umeshatoa panchi mtegoni, hakuna kilichobaki.

Glaser ni mchekeshaji wa kazi. Mitego yake ilikuwa mifupi, panchi ziko mwishoni, na baada ya kila panchi alinyamaza. Kunyamaza kwenye ukumbi wa maelfu ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye klabu ya watu mia mbili kicheko kinapanda na kushuka upesi. Kwenye uwanja wa ndani wa ukubwa ule kinaanza mbele, kinapanda ngazi kwenda nyuma, kisha kinarudi. Asiyezoea anadhani kimekwisha, anaingiza mtego unaofuata juu ya kicheko cha mzaha uliopita, na nusu ya ukumbi haisikii. Akifanya hivyo mara tatu amepoteza ukumbi, hata kama kila mzaha kwenye karatasi ni mzuri.

Affleck alikuwa na kosa la aina nyingine: hakumlenga mlengwa. Sehemu kubwa ya zamu yake aliwageukia watu wanaotukana mitandaoni. Hata yangekuwa kweli tupu, hiyo ni hotuba. Watu wamekuja kumwona Brady akichomwa, wewe unamchoma mtu ambaye hayupo na hana sura. Kamera ikikimbilia uso wa Brady inakuta hana la kufanya, kwa sababu hajaguswa.

---

KisuButu

Shukrani kwenu, nimeelewa. Bi Chachandu, mbona basi Drew Bledsoe na Julian Edelman, waliocheza timu moja na Brady, walipokelewa vizuri na wao si wachekeshaji?

---

BiChachandu

Kwa sababu wao wenyewe ni mtego. Bledsoe ndiye aliyekuwa kwarterbeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa timu ya New England Patriots, akaumia Septemba 2001, Brady akaingia na nafasi haikurudi tena. Akisimama tu pale ukumbi umeshajua hadithi, hahitaji sentensi ya utangulizi. Mwanariadha mwenye historia na mlengwa anaweza kusoma vibaya na bado akachekesha. Mgeni aliyealikwa kwa umaarufu tu hana akiba hiyo. Kila mzaha inabidi aujenge kuanzia msingi, na wengi wao hawajui kujenga.

Kinyume chake ni rosti ya mchekeshaji Chevy Chase ya 2002. Wengi waliokaa meza kuu hawakuwa watu wake, mizaha ilikuwa ya watu wasiomjua, na yeye akakaa nyuma ya miwani nyeusi bila uso kubadilika. Ukali ulikuwa wa kawaida tu wa rosti. Kilichokosekana ni mtu wa kumkumbatia baada ya panchi. Klabu ya Friars ya New York, iliyokuza mchezo huu, ilikuwa na kauli yake kwamba wanamchoma yule tu wanayempenda, na pale hadhira haikuuona huo upendo.

Lakini msiifanye sheria, kwa sababu Glaser hakuwa rafiki wa Brady na ndiye aliyeng'ara. Ufundi unaweza kuziba pengo la ukaribu. Ukikosa vyote viwili, kaa nyumbani.

---

MtegoNaPanchi

Kuna tatizo jingine halikutajwa: kurudia. Brady alikuwa na mada nne kubwa: talaka ya Oktoba 2022, FTX, kampuni ya sarafu za kidijitali aliyoitangaza, iliyoporomoka Novemba mwaka huo huo, mipira iliyodaiwa kupunguzwa upepo (akafungiwa mechi nne mwanzoni mwa msimu wa 2016), na kustaafu mara mbili. Wachomaji zaidi ya kumi kwa mada nne! Wa kwanza kuigusa talaka anachekwa kwa sababu kathubutu. Wa tano lazima alete pembe mpya, la sivyo watu wanaanza kumhurumia mlengwa. Ndiyo maana nafasi kwenye foleni si jambo dogo. Ukiwa wa mwanzo unakuta mada mbichi lakini ukumbi bado baridi. Ukiwa wa mwisho ukumbi umechemka lakini chungu kimekombwa.

Mchekeshaji mzoefu huenda na mizaha ya ziada, tuseme kumi na mbili kwa nafasi ya minane, na anakaa mezani akiikata kwa kalamu kila anaposikia mwenzake kamtangulia. Anayesoma kwenye skrini ya maandishi hana nafasi hiyo. Kilichopandishwa ndicho atakachosoma, hata kama kimesemwa dakika kumi zilizopita.

---

Msikilizaji_Kimya

Na lile la mchekeshaji Jeff Ross? Brady aliinuka akamfuata. Lilipangwa?

---

MtegoNaPanchi

Ross alifanya mzaha kuhusu Robert Kraft, mmiliki wa Patriots, akigusia kesi ya masaji ya Florida ya 2019 ambayo mashtaka yake yalifutwa 2020. Brady akaenda hadi kwenye jukwaa la msemaji, akamwambia asirudie, na maikrofoni ikalinasa. Kwangu mimi halikupangwa, na sababu ni mahali lilipotokea: likipangwa, unalitengenezea panchi ya kulifunga. Hapa hapakuwa na panchi. Ross aliendelea na zamu yake.

Angalia alichokilinda. Yeye mwenyewe alichomwa usiku kucha akakaa. Aliinuka alipochomwa mtu mwingine. Siku chache baadaye akasema kwenye podikasti kwamba mizaha juu yake aliipenda, ila hakupenda ilivyowagusa watoto wake. Walengwa wengi husahau hilo wanaposaini: unatoa ruhusa yako, lakini panchi inawapata pia watu ambao hawakukaa mezani. Gisele Bündchen, mke wake wa zamani, hakuwepo ukumbini, hakuwa na zamu ya kujibu, na alitajwa mara nyingi kuliko baadhi ya waliokaa pale.

---

KisuButu

Kwa hiyo mlengwa hawezi kuzuia mada mapema?

---

FundiSauti

Anaweza, na wengi huzuia. Kwenye rosti ya Trump waandishi walisema baadaye kwamba alichokataa hasa ni mizaha ya kudai ana pesa kidogo kuliko anavyosema. Mengine yote ruksa. Lakini katazo hufanya kazi vizuri kwenye onyesho la kurekodi, kwa sababu ukivunja unakatwa. Moja kwa moja, likishatoka limetoka. Aliyetaka kulinda watoto wake angeomba mada ile iondolewe kwenye karatasi za wote wiki kadhaa kabla, pamoja na makubaliano na kila mchekeshaji, si na mtayarishaji peke yake.

---

BiChachandu

Mkimaliza ya Brady tafuteni zamu ya mchekeshaji Norm Macdonald kwenye rosti ya mchekeshaji mwenzake Bob Saget, 2008. Wenzake wote wamekuja na matusi mazito, yeye anasoma vichekesho vya kizamani, safi kabisa, vya aina ambayo babu angemsimulia mjukuu. Ukumbi unapoa, watu hawajui wafanye nini. Kisha tazama meza kuu: wachekeshaji wenyewe wanakunjika kwa kucheka. KisuButu, hapo ndipo pa kufanyia zoezi la FundiSauti. Zima picha usikilize hadhira peke yake, kisha rudisha picha uangalie nyuso. Utapata maonyesho mawili tofauti kwenye dakika zile zile.

---

KisuButu

Nimejaribu sasa hivi. Nilipozima picha nilidhani anaanguka. Nikairudisha nikamkuta Saget anajifuta macho.