Mjadala: Mfumo ambao asiyeona hawezi kuutumia, uzinduliwe?

Kuna wanaosema mfumo wa kuombea huduma mtandaoni tuuzindue kwanza, wenye ulemavu watawekewa utaratibu wao baadaye. Mimi nakataa, na naomba tubishane kwa hoja.

Kaka yangu haoni tangu utotoni. Simu anaiendesha kwa TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na kwa kasi kuliko mimi. Mwezi jana tulikaa naye kujaza ombi la kibali kwenye mfumo mmoja ambao sitautaja. Jina akajaza, tarehe ya kuzaliwa akajaza. Alipofika pa kuambatisha cheti, simu ikaanza: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vitatu mfululizo, hakuna hata kimoja kilichotaja kazi yake. Akabahatisha cha pili, fomu yote ikafutika. Akaanza upya, kimya. Safari hii tulifika mwisho, akatakiwa kuthibitisha kuwa si roboti kwa kugusa picha zenye pikipiki. Njia ya sauti haikuwepo. Akanipa simu.

Mtasema, si umemsaidia? Au aende steshenari ajaziwe? Hapo ndipo panaponiuma. Kila siku tunaonywa tusimpe mtu yeyote namba ya siri. Mimi ni ndugu yake. Asiye na ndugu karibu anamtajia nywila kijana wa steshenari ambaye hawajawahi hata kusalimiana, na kesho mambo yakiharibika ataambiwa uzembe ni wake.

Hoja ya gharama naiheshimu, maana watu wa TEHAMA kweli wanabanwa na bajeti na muda. Lakini kukipa kitufe jina ni mstari mmoja wa msimbo. Kinachokula fedha ni kufumua mfumo uliokwisha kujengwa. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, inataka mifumo kutumika na wenye ulemavu kuzingatiwe tangu hatua za mwanzo za usanifu, na sababu inayotajwa humo ni hiyohiyo: gharama iwe ndogo. Mwongozo wa kiufundi wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu nao upo, unaitwa WCAG, toleo la 2.2 lilitoka 2023. Unaeleza hadi rangi: maandishi ya kawaida na mandhari yake yatofautiane kwa mng'ao kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hilo linamhusu hata mama yangu anayeona vizuri, akiwa juani na simu yenye kioo kilichopasuka.

Pendekezo langu: kabla ya uzinduzi, mtu asiyeona apewe simu ya kawaida, aachwe peke yake, aende kutoka kufungua akaunti hadi kupata namba ya malipo. Akikwama, uzinduzi usubiri.

Mnaopinga, nijibuni hili kwanza: katika huo utaratibu wa baadaye, nywila ya kaka yangu atakaa nayo nani?