Kwa nini muvi za mpira hazishiki kama za ngumi?

dogo_wa_pasua
Wakuu habari za jioni. Juzi hapa Pasua tulikuwa banda umiza tunasubiri mechi ya usiku, mwenye banda akaona watu wanasinzia akatuwekea Goal, ile ya 2005, ya Santiago anayetoka Los Angeles kwenda kucheza Newcastle. Mwanzoni kimya kabisa, baba anachukua akiba ya mtoto ananunulia gari, bibi ndo anamkatia dogo tiketi ya ndege, hapo hakuna aliyekohoa. Zilipoanza mechi tu kelele! Kamera inaonyesha mguu, mara sura, mara wavu, mzee mmoja nyuma akasema "mguu uliopiga sio wa huyu, na huyo beki kasimama anamsubiri nani?" Na kweli beki wa ukweli angeshafika zamani. Wiki iliyopita iliwekwa ya ngumi hakuna aliyetoka hata kwenda kujisaidia. Nauliza kwa sababu mimi na wenzangu wawili tunataka kushuti filamu fupi kwa simu, ya timu ya mtaani huku Moshi, mvua zikikata tunaanza. Mechi tuweke au tuache?

beki_tatu_sakina
Mkuu ngumi ni watu wawili kwenye kaulingo kadogo, kamera inaingia mpaka unaona jasho. Mpira watu 22 na raha yake iko kwenye nafasi, ile pasi inaenda pasipo na mtu halafu winga anatokea. Ukivuta karibu umeua nafasi, ukirudi nyuma humuoni muigizaji. Halafu kwenye mechi ya kweli hujui kitakachotokea, kwenye muvi dakika ya 90 kila mtu anajua dogo anafunga.

Mama Wawili
Tafuteni Offside ya Jafar Panahi wa Iran, 2006. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi uwanjani, wasichana wamevaa kiume wakaingia uwanja wa Azadi pale Tehran kuangalia Iran na Bahrain, mechi ya kutafuta kwenda Kombe la Dunia, wakakamatwa wakafungiwa nje ya jukwaa. Mpira wenyewe huuoni, unasikia uwanja unalia tu na askari anachungulia anawatangazia, na mimi nilikaa roho juu muvi nzima. Nimekulia Kaloleni hapa Arusha, hela ya kiingilio hatuna, tunakaa nje ya ukuta wa uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Goli la wenyeji unalijua kwa kelele, la wageni unalijua kwa ule ukimya, na baada ya ukimya unasikia mtu mmoja tu anamtukana kipa. Mpaka leo nikipita pale nageuza sikio. Kwa hiyo mwanangu mechi usiionyeshe.

mzee_wa_ushirika
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mama Wawili nakuelewa ila sikubali kwamba mechi haichezeki. Escape to Victory ya 1981 walimweka Pelé mwenyewe, Bobby Moore, Ardiles, wanasoka wa kweli, na miguu ile huwezi kuidanganyia. Yule muigizaji Stallone golini ndo alikuwa kazi ngumu kumuamini. Kwa hiyo chukua wachezaji uwafundishe kuigiza, usichukue waigizaji uwafundishe kupiga mpira.

Ila stori mnayo hapa hapa nyumbani. 1979 Simba kafungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia pale Dar, nchi nzima imezika, marudiano akaenda Lusaka akashinda 5-0. Mimi nilikuwa mtoto hapa Moshi, betri za redio zimekwisha baba kazianika juani tangu asubuhi ili zibaki na pumzi kidogo, na sisi watoto tunazigeuza kama mahindi. Hayo magoli matano hata leo sijayaona kwa macho, ila zile betri juu ya gunia naziona. Anayeweza kushuti hilo gunia ananitoa machozi.

dogo_wa_pasua
Marahaba... samahani mzee, shikamoo! Nimesoma hapa nikawapigia wenzangu saa hiyo hiyo. Wachezaji tunachukua wa timu yenyewe, na mechi tunaisikia tu kutoka nje. Kuna mama anauza karanga getini kila Jumapili, miaka yote hiyo ndani hajaingia hata siku moja ila matokeo anayajua kabla ya refa kupuliza. Tunaanza na yeye. Mwenye maiki ya kuazima hapa Moshi ani-PM, maana sauti ya simu upepo unaimeza yote.