Wakuu, mawazo ya makala mnayatoa wapi? Na mkishayapata mnayakuzaje?

KalamuChanga:
Salaam wakuu. Nimeanza kuandika makala kama mwandishi wa kujitegemea, sijaajiriwa popote. Shida zangu ni mbili. Kwanza, kila ninachokifikiria naona kimeshaandikwa. Pili, hata nikipata cha kuandika, aya ya tatu haijaisha nami nimeishiwa. Juzi nilimpelekea mhariri mmoja pendekezo la makala kuhusu "umuhimu wa usingizi kwa afya", akanijibu: "Hii ni mada, si makala." Basi, hakuongeza neno. Alimaanisha nini? Natanguliza shukrani.

MhaririMstaafu:
Mkuu, huyo mhariri kakusaidia, ingawa sentensi mbili zaidi zisingemgharimu kitu. Mada haina mwisho. Makala ina swali moja, na ina mtu anayelihitaji jibu lake.

Chukua huohuo usingizi. Nani analala kwa shida? Mmojawapo ni nesi wa zamu ya usiku. Swali lake si "usingizi una umuhimu gani", hilo analijua kuliko wewe. Anauliza: nikitoka kazini asubuhi, nifanyeje nilale? Sasa angalia jinsi kazi inavyojileta yenyewe. Saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaouambia mwili ulale lini na uamke lini, huongozwa zaidi na mwanga, kwa hiyo jua analokutana nalo njiani linamwambia mwili wake kumekucha, wakati yeye anataka kwenda kulala. Kahawa nayo: kwa mtu mzima wa kawaida, saa kama tano baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi, bado imo mwilini. Kikombe cha saa tisa usiku bado kinamsumbua anapojilaza saa mbili asubuhi. Halafu kuna kelele za mchana, watoto, simu, watu wa nyumbani wanaodhani aliyelala mchana ni mvivu. Tafuta manesi wawili watatu wakueleze wanavyofanya, kisha mpelekee daktari mbinu zao umuulize ipi ina maana na ipi ni bure. Hapo utahangaika kupunguza maneno.

Ukiishiwa kwenye aya ya tatu, mara nyingi ujue hujauliza mtu yeyote. Umeandika yaliyokuwa kichwani mwako, na ya kichwani huisha upesi.

DadaWaMaktaba:
Naunga mkono hapo juu. Kuhusu mahali pa kupata mawazo, mimi huandika "kwa nini" na neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google, kisha nasoma mapendekezo yanayojitokeza chini. Hayo ni maswali ambayo watu wanayauliza kweli. Pia nasoma maoni chini ya makala za wengine. Matusi nayaruka, natafuta msomaji aliyeuliza jambo ambalo mwandishi hakuligusa. Huyo kanipa makala bure!

Na kalenda usiidharau. Siku ya Maji Duniani ni 22 Machi, Siku ya Walimu Duniani ni 5 Oktoba, hazihami. Kuna na kumbukumbu za miaka. Kwa mfano huo wa usingizi, Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 walipewa watafiti watatu wa Marekani waliofumbua jinsi saa ya mwili inavyoendeshwa, kwa hiyo mwaka 2027 itatimia miaka 10. Mhariri akiuliza "kwa nini sasa?", unalo jibu. Ila tuma mapema, magazeti ya kila mwezi hupanga kurasa zake miezi kadhaa kabla.

Mbishi_wa_Kona:
Dada, kwa kalenda tutagombana. Tarehe 22 Machi mhariri ana mapendekezo ya maji mpaka anazama. Mimi husoma matangazo ya kazi. Ukiona kazi ambayo zamani haikuwepo inatangazwa na kampuni tatu tofauti, kuna kitu kimebadilika na huenda bado hakijaandikwa. Na kwenye daftari langu siandiki "usingizi" wala "maji", naandika swali zima lenye alama ya kuulizia. Neno moja ukilirudia baada ya wiki halikukumbushi chochote.

KalamuChanga:
Aisee, nimepata mwanga. Lakini nina hofu: nikimweleza mhariri wazo zuri hivyo, si atampa mwandishi wake aliandike?

MhaririMstaafu:
Inaweza kutokea, japo si mara nyingi kama waandishi wapya wanavyodhani. Hakimiliki, tangu Mkataba wa Berne wa 1886 na sheria zilizoufuata, hulinda maandishi yenyewe. Wazo tupu hailindi. Kinga yako ni kuwa na kitu ambacho mwingine hana: watu ulioanza kuzungumza nao, jambo uliloliona kwa macho yako. Kitaje kwenye pendekezo, ila namba zao za simu baki nazo.

DadaWaMaktaba:
Halafu utafiti mmoja usiishie kwenye makala moja. Uliyoyajua kuhusu saa ya mwili yatamfaa mzazi mwenye mtoto mchanga, dereva wa masafa marefu, na mwenye kiwanda anayepanga zamu. Msingi ni uleule, ila kila mmoja ana swali lake na watu wake wa kuhoji. Kunakili makala ileile na kubadili kichwa cha habari si kukuza wazo, na wahariri hugundua.

KalamuChanga:
Basi niambieni hii: "Mwanafunzi akikesha usiku wa kuamkia mtihani, anachokisoma kinabaki?"

Mbishi_wa_Kona:
Sasa hilo ni swali. Utamhoji nani?

KalamuChanga:
Wanafunzi wawili, mwalimu, na mtaalamu wa usingizi nikimpata.

MhaririMstaafu:
Ongeza mwanafunzi aliyekesha akafaulu, maana msomaji atakuuliza. Kisha pitia matoleo ya nyuma ya gazeti unalolilenga. Kama waliandika jambo hilo karibuni, tafuta walichokiacha, uanzie hapo. Na usiandike makala nzima kwanza: tuma aya tatu, swali, watu wako, na kwa nini sasa. Wakikubali, waulize wanataka maneno mangapi kabla hujagusa kalamu.

KalamuChanga:
Naanza na mwalimu kesho.