Laptopu imegoma kuingia Windows: flashi ya Linux, kuchomoa diski, au programu za kurejesha faili?

Mlango_wa_Pili:
Wakuu, laptopu ina diski ya kuzunguka ya TB 1. Inafika kwenye nembo ya Windows, inajizima, inaanza upya. Kinachotakiwa ni picha na nyaraka, kama GB 180. Windows yenyewe na ife tu. Njia ninazoziona ni tatu: kuwasha kwa flashi ya Linux, kuchomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, au programu za kurejesha faili. Tuanze na ipi?

Sekta512:
Kabla ya zote, tega sikio. Diski ikigonga tik-tik kwa mpigo, zima sasa hivi. Hapo vichwa vya kusomea vimeharibika na kila ukiwasha vinaweza kuikwaruza sahani. Inabaki maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake uulize kabla ya kuacha diski.

Kama iko kimya, usibonyeze «Reset this PC» (kurudisha Windows mwanzo), wala usikubali chkdsk. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mfumo wa faili, si kuokoa faili zako. Kwenye diski mbovu inaweza kuacha vipande vya .CHK ndani ya folda ya FOUND.000, majina yote yamepotea.

Mpemba_wa_Terminali:
Naunga mkono flashi ya Linux iwe ya kwanza, maana huhitaji bisibisi. Flashi ya GB 8, Ubuntu au Mint, iandike kwa programu ya Rufus kwenye kompyuta nyingine (itafuta kila kilichomo humo). Menyu ya kuwashia ni F12 kwa laptopu nyingi. HP ni Esc kisha F9. Chagua kujaribu, usichague kusakinisha.

Patisheni (sehemu ya diski) ya Windows ikigoma kufunguka, mara nyingi ni kwa sababu ya Fast Startup: Windows haikuzimika kabisa, ililala nusu. Usilazimishe. Angalia jina lake kwa `lsblk`, kisha ifungue kwa kusoma tu (weka jina hilo badala ya sda3):

`sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt`

Nenda Users, ingia kwenye jina lako, nakili kwenda diski ya nje. Tahadhari moja: folda ya OneDrive inaweza kuonyesha majina ya faili ambazo kiini chake kiko mtandaoni tu. Hizo zichukue kwa kuingia kwenye akaunti.

binti_Chumbageni:
Kuchomoa diski kuna haraka yake, ila watu hununua adapta isiyo sahihi. Diski ya inchi 2.5 ya laptopu inatosheka na adapta ya SATA kwenda USB. Ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani inataka volti 12, kwa hiyo adapta iwe na chaja yake. Kijiti cha M.2 ni kizungumkuti: kuna SATA na kuna NVMe, na kasha la moja halisomi nyingine mpaka liwe la aina zote mbili. Soma lebo ya kijiti, usikisie kwa umbo.

Ukichomeka kwenye Windows nyingine, itakuletea maswali. Ikisema diski inahitaji kuformatiwa, bonyeza Cancel. Ikisema huna ruhusa ya folda, ukibonyeza Continue inaanza kubadilisha ruhusa za faili moja moja, yaani inaandika kwenye diski unayotaka ibaki ilivyo. Linux haina usumbufu huo.

Sekta512:
Na hapo ndipo ninapotofautiana na Mpemba kidogo. Kunakili faili moja moja ni sawa kama diski ni nzima. Pima kwanza:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Tazama mstari wenye namba (ID) 5, wa sekta (vipande vidogo vya diski) zilizobadilishwa, na wenye namba 197. Wa 197 ukizidi sifuri, kuna sekta zinazogoma kusomeka. Kunakili kwa kuburuta kutakwama kwenye faili moja huku diski ikichoka bure. Chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue (kwenye Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue):

`sudo ddrescue -n /dev/sda /media/nje/diski.img /media/nje/diski.map`
`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /media/nje/diski.img /media/nje/diski.map`

Mzunguko wa kwanza unazoa sehemu zinazosomeka, wa pili unarudia palipogoma. Faili ya .map inatunza kumbukumbu, umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Diski ya kupokea izidi TB 1 hata kama data ni GB 180, na isiwe FAT32, kwa sababu haipokei faili inayofika GB 4. Usigeuze chanzo na kinachopokea, unaweza kufuta kila kitu.

Programu za kurejesha ziendeshe juu ya hiyo .img. TestDisk kwa patisheni iliyopotea. PhotoRec iwe ya mwisho, maana inaleta picha bila majina wala folda na utapanga mpaka uchoke.

Kijana_wa_SSD:
Na kama ni SSD (diski isiyozunguka) yenye Windows 11?

Mpemba_wa_Terminali:
Inawezekana imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) bila mwenyewe kujua. Toleo la 24H2 likisakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft hufunga lenyewe. Utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute aka.ms/myrecoverykey, kwa akaunti iliyotumika kuanzishia kompyuta. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa kuifungua.

Pia kwenye SSD kufuta ni kufuta kweli: TRIM (amri ya kuisafisha SSD palipofutwa) ikishapita, PhotoRec itakuta sifuri tupu. Ndiyo maana Reset huko ni hatari zaidi kuliko kwenye diski ya kuzunguka.

Mlango_wa_Pili:
Haigongi, na mstari wa 197 unasoma 24.

Sekta512:
Basi ddrescue. Ilaze kwenye meza ngumu, elekeza feni, na usiitingishe mpaka mzunguko wa kwanza uishe.